Kiu ya Sadeta

Vrela, 6 Oktoba 1974

Dada Zejna,

Asalaam aleikum. Salamu hizi zikukute mzima huko Ujerumani, na kama kuna mafua kiwandani kwenu basi yampate yule msimamizi anayekusimamia na saa mkononi, wewe yakupite. Sisi huku hatujambo, ukiacha yanayouma. Nazif wangu bado yuko kwenye kiwanda cha chuma Zenica. Anarudi Jumamosi akisinzia na kuondoka Jumapili akisinzia. Mama mkwe Umihana anakusalimu. Yaani hakusema hivyo, ila ameniona naandika na hakununa.

Jemu ya plamu tumemaliza. Siku mbili tumekoroga sufuria kubwa uani kwa zamu, na bado natema moshi. Mwaka huu plamu zimezaa mpaka matawi yameegemea ukuta.

Sadeta ameanza darasa la tatu. Amerefuka na amekonda, kiunoni namfungia sketi kwa pini. Kula anakula kama wavunaji wawili, hatujui chakula kinakwenda wapi. Mwaka jana alifunga Ramadhani siku kadhaa na kujigamba kijiji kizima. Mwaka huu haifiki saa nne asubuhi nishamkuta kwenye ndoo anakunywa kama ndama. Mama mkwe anasema ni ukosefu wa haya. Nimempeleka zahanati, wakampa dawa ya minyoo. Minyoo hatukuiona.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na naomba usicheke. Sadeta amerudia kukojoa kitandani. Mtoto wa miaka tisa, aliyeacha tangu ana mitatu! Mama mkwe anatoa godoro kila asubuhi analitundika kwenye ua wa barabarani, ili aone aibu akome. Juzi nyigu walilizingira lile godoro kama wamealikwa, na watoto waliokuwa wakienda shule wakasimama kutazama. Nililitoa nikalipeleka nyuma ya banda, tukazozana. Anasema mtoto asiende shule mpaka akome. Nimemwambia shule ataenda hata akiwa na bwawa chini ya dawati.

Nitumie kipande cha mpira cha kutandika kitandani, kile wanachotumia wenye watoto wachanga. Hapa dukani nikikiuliza, kabla sijafika nyumbani kijiji kitakuwa kimenipangia mimba.

Utakuja lini? Kila mwaka unasema kiangazi.

Mdogo wako,
Razija


Ulm, 18 Oktoba 1974

Mdogo wangu Razija,

Waaleikum salaam, na Idi njema, ingawa itakuwa imeshapoa utakaposoma haya. Mimi ni mzima. Jana niliomba ruhusa asubuhi, msimamizi akaniuliza Idi gani tena, nikamwambia ile ambayo kama hunipi ruhusa naichukua. Akanipa. Jioni tulikula kuku na wali, na hapa kuna baridi inayoingia mpaka kwenye meno.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikairudia. Mpira sikutumii. Nataka unijibu kwanza, na unijibu bila kunizungusha.

Anapoamka kukojoa, anakunywa tena kabla ya kurudi kulala? Nguo zake za ndani zikikauka zinakakamaa kama zimetiwa wanga? Ubaoni anaona vizuri, au mwalimu amemsogeza mbele? Akijikwaruza, kidonda kinafunga au kinakaa? Bado anakimbia na wenzake, au siku hizi anakaa kwenye jiwe akiwatazama? Na anakonda hivyo huku anakula hivyo. Hilo umeliandika wewe mwenyewe kama mzaha, mimi sikuliona mzaha.

Swali la mwisho. Pumzi yake inanuka nini?

Usiniulize nimejuaje kuuliza. Watu husikia mambo kiwandani. Na godoro likitoka tena barabarani, mwambie Umihana kwa niaba yangu alitundike la kwake kwanza.

Kuja, tutaona kiangazi.

Dada yako,
Zejna


Vrela, 2 Novemba 1974

Dada Zejna,

Salamu kutoka kwenye theluji ya kwanza. Imeanguka mapema, na mbao za paa la zizi Nazif hajazimalizia, kwa hiyo ng'ombe na mimi tunamtukana kila mtu kwa lugha yake. Mama mkwe anaumwa magoti na haumwi ulimi.

Nimesoma maswali yako. Unauliza kama polisi wa mpakani. Mtoto ndiyo, anakunywa usiku. Nani asiyekunywa akiwa na kiu? Nguo ndiyo, zinakakamaa, lakini maji ya kisima chetu unayajua. Mwalimu amemsogeza dawati la mbele kwa sababu ni mwerevu. Kisigino kilichokwaruzwa na kiatu mwezi wa tisa hakijafunga kwa sababu hataki kukaa na soksi. Unaona? Kila kitu kina sababu yake.

Lile la mwisho sijalijibu, wala silijibu.

Mama mkwe alimpeleka kwa yule mama wa Brdo anayeondoa hofu. Akamfunika shuka, akayeyusha risasi, akaimwaga kwenye maji juu ya kichwa chake, ikaganda umbo la mbwa. Kumbe ni mbwa aliyemtisha! Siku mbili baadaye Sadeta alichangamka, tukashukuru. Siku ya tatu alilala mchana kutwa. Sasa anapewa kijiko cha asali asubuhi na jemu ya plamu jioni apate nguvu, na nguvu hazijafika bado. Labda theluji imeziba njia.

Halafu mimi nami nina swali. Umeandika "tulikula kuku". Wewe na nani? Miaka yote unaniandikia nilikula, nililala, niliumwa. Ghafla mmekuwa wengi. Nami najua kusoma, dada.

Nakusalimu, na usinitishe tena.

Razija


Ulm, 11 Novemba 1974

Razija,

Leo sina salamu. Kabla ya barua hii utakuwa umepata simu ya maandishi. Nimeituma asubuhi hii, nimesimama dirishani posta mpaka nimemwona yule binti akiigonga yote. Kama umeitii, soma hii ukiwa umekaa. Kama hujaitii, iweke mfukoni, mbebe mtoto, utaisomea njiani.

Mtoto ana kisukari. Mimi si daktari, lakini ningekuwa nimempima kwa mkono wangu nisingekuwa na hakika zaidi. Sukari anayokula haiingii mwilini, inabaki kwenye damu na kutoka na mkojo, ndiyo maana nyigu walikuja kwenye lile godoro. Mkojo unamtoka mwingi, kwa hiyo ana kiu, kwa hiyo anakunywa, kwa hiyo anakojoa. Mwili unakosa chakula huku tumbo limejaa, basi unajila wenyewe. Hakuna minyoo, hakuna mbwa, wala hakuna ukosefu wa haya. Na ile asali mnayompa apate nguvu ni kuni mnazotupia motoni.

Swali langu hukulijibu. Kwa kutojibu umejibu. Wewe na mimi tulilala chumba kimoja na Ragib wiki ile ya mwisho. Tulikuwa wadogo lakini pua tulikuwa nazo. Nyumbani kwetu jina lake halitajwi, na mimi nimelinyamazia kama wengine. Leo nalitaja: Ragib, kaka yetu, miaka kumi na mmoja. Sadeta hatakuwa wa pili.

Usimsubiri Nazif. Usiende zahanati, nenda Travnik hospitalini. Wakikuambia subiri, usisubiri.

Zejna


Travnik, hospitalini, 20 Novemba 1974

Dada Zejna,

Yu hai. Naanza na hilo ili upumue, halafu nikusalimu. Asalaam aleikum. Naandika kwenye kiti cha korido, na karatasi nimepewa na mama wa mtoto wa kitanda cha pili, mwenye pumu, mcheshi kuliko sisi wote.

Dervo wa posta alifika mchana. Majirani wanne walikuwa kwetu tukichambua maharagwe. Unajua kwetu simu ya maandishi ni habari ya msiba; mama mkwe alishika kifua akasema, "Soma, Dervo, soma tu. Nani kafa?" Dervo akajiweka sawa, akasoma kwa sauti ile anayosomea matangazo: Mpeleke Sadeta hospitali Travnik leo. Wapime sukari kwenye mkojo. Usimsubiri Nazif. Zejna.

Mama mkwe alivua miwani akaipangusa kwa makini. "Dada yako," akasema, "ameona vema mkojo wa mjukuu wangu usafiri kwa waya mpaka Ujerumani na kurudi."

Nilikwenda chumbani. Sadeta alikuwa amelala tangu asubuhi. Alikuwa ametapika mara kadhaa, tumbo likimuuma, na alikuwa anahema kama aliyepanda mlima, na hali alikuwa kitandani. Nilimwita, akafumbua macho akanitazama kama mtu anayejaribu kunikumbuka. Nikainama.

Sasa nakujibu swali lako. Tufaha. Tufaha zilizokaa pishini mpaka zikachacha. Niliisikia harufu hiyo kwanza baada ya Idi, nikifunga kifungo chake cha shingoni, na siku hiyo nikafungua dirisha na kuliacha wazi hata baridi ilipoingia. Nilijua, Zejna. Nilijua kwa pua, kichwa ndicho nilichokikatalia. Mama alituambia Ragib ananuka tufaha za peponi kwa sababu malaika wamekaribia. Sikutaka malaika nyumbani kwangu.

Nikamfunga blanketi nikambeba mgongoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia kwa upole, na unajua upole wake ni mbaya kuliko kelele, kwamba mtoto akitolewa nje kwenye theluji hivi atakufa njiani na dhambi itakuwa yangu. Kwamba mwanawe atafika Jumamosi naye ndiye wa kuamua. Kwamba mwanamke akivuka kizingiti bila ruhusa ya nyumba asitegemee kukivuka tena kurudi.

"Mama," nikamwambia, "kizingiti hiki nakisugua mimi kila Alhamisi. Nakijua pande zote mbili. Nipishe."

Hakupisha. Nikapita ubavuni mwake, bega kwa bega, na miguu ya Sadeta ikamgusa kifuani. Dervo, Mungu amlinde, alivua koti lake la posta akamfunika mtoto juu ya blanketi, akatutangulia kukanyaga theluji mpaka barabara kuu. Huko tukasimamisha lori la magogo.

Hospitalini msichana wa mapokezi alitaka karatasi ya zahanati. Sina karatasi, nikamwambia. Basi tukae tusubiri. Nikakumbuka hukuwa umeniambia nini cha kufanya nikikosa karatasi, barua yako ilikuwa haijafika. Basi nikamweka Sadeta juu ya meza yake, juu ya mafaili, nikamwambia, "Mnuse." Alinitazama kama kichaa. "Mnuse pumzi, halafu uniambie nisubiri." Kelele zikamtoa daktari mmoja mwanamke, mnene, mwenye mvi. Huyo hakuuliza karatasi. Aliinama, akanusa, akambeba yeye mwenyewe akikimbia, na viatu vyake vya mbao vilisikika korido nzima.

Walimtundikia maji, wakamchoma insulini, wakanitoa nje. Kutwa nzima na siku iliyofuata hakunijua. Daktari aliniambia kama ningengoja Jumamosi ningemleta amefunikwa uso. Kisha siku ya tatu akaamka akaomba pai ya nyama. Akaambiwa hapana. Akanuna, akageukia ukutani. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu amenuna.

Lakini sindano ni za kila siku, maisha yake yote. Nazif alikuja, akauliza kama haziwezi kubadilishwa na vidonge, akalia kwenye ngazi, akarudi zamu. Mama mkwe ametuma ujumbe: mtoto wa sindano si mtoto tena ni mgonjwa, asome nini, aolewe na nani, afadhali ukweli huu ubaki ndani.

Barua yako ya tarehe kumi na moja Dervo ameileta mpaka hapa. Sasa nijibu wewe. Umejuaje? Na usiniandikie neno "kiwandani".

Razija


Ulm, 3 Desemba 1974

Mdogo wangu Razija,

Salamu kwako, kwa Sadeta aliyenuna, na kwa Dervo. Mwambie namletea koti la Kijerumani lenye mifuko sita. Mimi mzima. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni na viatu vya kazini, na supu ikaungua.

Umeuliza mara mbili, na una haki.

Nina mtu. Anaendesha winchi kwenye ujenzi. Kila asubuhi anakaa kwenye meza yetu ya jikoni, anapandisha shati, anajichoma sindano tumboni huku akisikiliza habari za mpira redioni, kisha anakunywa kahawa bila sukari na kuilalamikia kama ni siku ya kwanza. Amefanya hivyo tangu ana miaka ishirini na miwili. Ugonjwa ulimpata akiwa jeshini; alikuwa anakunywa maji yaliyotuama kwenye alama za kwato za farasi kwa kiu, na mkanda wake akautoboa matundu mapya mpaka ukamzunguka mara moja na nusu. Wakamwita mvivu. Wakamwadhibu kwa kutoka foleni kwenda kukojoa. Alianguka kwenye gwaride ndipo wakampima. Sasa ana miaka arobaini na mmoja, ana mabega mapana kama mlango, na jana alipandisha kabati la nguo ghorofa ya nne kwa mgongo wake kwa sababu hakutaka kuwasubiri wenzake.

Barua yako ya kwanza nilimsomea tukila, nikicheka. Nilipofika kwenye nyigu aliweka uma chini. "Hiyo ni sukari," akasema. "Mwandikie sasa hivi." Nilikuwa bado nina tonge mdomoni.

Anaitwa Stipe. Ndiyo, ni wa kanisani, wa kule Livno, na Jumapili anakwenda misa. Ndiyo maana umekuwa ukisikia "kiangazi" miaka yote. Nilijua watakavyosema huko, nikaamua nisiwape nafasi ya kusema. Ningeweza kuendelea kunyamaza, maana ninajua sana kunyamaza, sote tulifundishwa nyumba moja. Lakini wewe unaambiwa mwanao si mtoto tena, na mimi ninaye mtu mzima ambaye kila asubuhi ananiambia huo ni uongo. Ningekuficha vipi? Mwambie Umihana wa sindano wanaoa, na wanakoroma.

Anakuambia hivi. Insulini ikizidi chakula, mtoto atatetemeka, atatoka jasho baridi, atakuwa mkali bila sababu au atasema maneno ya ovyo. Hapo mpe sukari, papo hapo, usihoji. Awe na vipande mfukoni siku zote. Na mwache ajichome mwenyewe mapema iwezekanavyo, kwa sababu mkono wa mama unatetemeka na wake hautatetemeka.

Nimemaliza. Kama hutaniandikia tena kwa ajili ya Stipe, niandikie basi kwa ajili ya Sadeta.

Zejna


Vrela, 16 Februari 1975

Dada Zejna,

Salamu nyingi, na samahani, barua imechelewa. Wiki za kwanza nilikuwa nimekasirika, kisha theluji ilifunga barabara, kisha nikawa sina tena hasira wala kisingizio.

Kuhusu huyo Stipe: sijui marehemu Baba angesema nini. Najua vizuri sana angesema nini, ndiyo maana naandika sijui. Mlete. Ila mkija kwangu mtalala vyumba mbalimbali, mama mkwe ana masikio.

Mama mkwe alitufungulia mlango, hilo nikuambie kwanza. Tulirudi na basi, Sadeta akatangulia mwenyewe, akakivuka kizingiti akiuliza kuna nini cha kula. Mama mkwe alisogea. Hakuomba radhi, nami sikuomba. Vita vilianza kesho yake nilipochemsha sindano kwenye birika lake la kahawa. Akasema tangu enzi za Waturuki hakuna aliyepika sindano kwenye birika. Nikasema basi sisi ndio wa kwanza.

Nazif alijifunza kuchoma kwa kutumia viazi. Viazi aliviweza. Kwa mtoto sindano ilimdondoka, na Sadeta, bila kupandisha sauti, akasema, "Baba, nipe mimi." Akajichoma pajani. Nazif akatoka nje kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Wanakijiji wanatoka kwenye njia akipita, wakidhani inaambukiza. Mimi nimekuwa mbaya zaidi yao: mtu akiomba glasi ya pili ya maji kwangu namkazia macho. Mke wa jirani Fikret aliniambia, "Razija, usinitazame hivyo, nimekula jibini ya chumvi." Nilimwacha. Lakini baba yake Fikret, anayekojoa kila nusu saa, haoni vizuri na ana kidonda cha mguu tangu kiangazi, huyo sikumwacha. Nilimsema mpaka akapanda basi kwenda kupimwa kwa kunikomoa. Sukari. Ya wazee, tofauti na ya Sadeta, ameandikiwa vidonge. Hanisalimii tena, na kidonda kinafunga.

Mwezi uliopita nilikuwa zizini. Niliporudi nilimkuta Sadeta sakafuni, jasho likimtoka, anamtukana bibi yake maneno ambayo sijui kayatoa wapi, na mama mkwe amesimama na bakuli la sukari kifuani, uso mweupe kama ukuta. "Anaililia," akaniambia. "Ulisema ni sumu. Nimemnyima." Nilimtia sukari mdomoni kwa kidole. Baada ya muda mfupi akaketi, akauliza kwa nini tunamtazama. Mama mkwe alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na hakula jioni hiyo. Hatujalizungumza. Tangu hapo anakaa karibu wakati Sadeta anachoma, anakatakata mboga, akijifanya hatazami.

Sasa kuna jipya. Darasa linakwenda baharini Makarska mwezi wa sita, siku tano. Mwalimu Besim ameniita akasema Sadeta abaki. Nani atawajibika, akasema. Nimemwambia nitafikiri. Niandikie cha kumjibu.

Razija


Ulm, 5 Machi 1975

Razija mdogo wangu,

Sote wazima huku, na sasa naweza kuandika "sote". Tunakuja Julai. Stipe anauliza vyumba mbalimbali vina umbali gani.

Cha kumjibu mwalimu? Usimjibu. Umepita mlango wa Umihana na mtoto mgonjwa mgongoni, leo unamwogopa Besim kwa mtoto mzima anayetembea? Siku ya safari mpeleke kwenye basi na mfuko wake. Anayetaka kumshusha na amshushe mbele ya watu.

Stipe anamtumia Sadeta kikasha cha chuma cha sindano. Anasema si zawadi, ni kifaa.

Zejna


Vrela, 11 Juni 1975

Dada Zejna,

Salamu, na asante kwa kikasha, na Nazif anasema vyumba vina umbali wa mama mkwe mmoja. Plamu zimetoa maua mengi kisha baridi ya Mei ikayachoma nusu. Ng'ombe amezaa.

Sikungoja siku ya basi. Mkutano wa wazazi ulikuwa Alhamisi jioni, nikaenda na Sadeta, na mama mkwe akatufuata bila kualikwa, kwa vile, alisema, hana kazi. Mwalimu Besim alisoma majina ya wanaosafiri. La Sadeta hakulisoma. Nikasimama nikamuuliza. Akaanza kueleza kwa maneno marefu, kwamba anampenda mtoto kama wake, kwamba bahari iko mbali na hospitali, kwamba wenzake watamwona akichoma na watashtuka, mtoto mwenye hali yake mahali pake ni nyumbani.

Saa ya sindano ya jioni ilikuwa imefika. Sadeta hakumsubiri amalize. Alifungua kikasha, akavuta dawa, akaigonga sindano kwa ukucha kama alivyofundishwa, akapandisha sketi kidogo akajichoma, mbele ya darasa lote na wazazi wao. "Samahani, mwalimu," akasema. "Endelea." Mwalimu alikuwa ameketi. Alikuwa amegeuka rangi, wakamletea maji, na Mungu anisamehe, nilimhesabia glasi.

Alipopata sauti akarudia lile lile: nani atawajibika?

Nilifungua mdomo. Kabla sijasema, nyuma yangu kiti kilikwaruza sakafu. Mama mkwe alikuwa amesimama. Mwanamke ambaye hajawahi kuvuka Travnik, Zejna, na aliyetaka jambo hili libaki ndani.

"Mimi," akasema. "Niandike. Umihana. Dirishani, nikikaa katikati natapika."

Wameondoka Jumatatu. Mama mkwe amevaa suruali zake pana za Idi na amebeba kikapu cha chakula ambacho kitalisha jeshi, chote kisicho na sukari, amemuuliza daktari mwenyewe kwa simu ya posta akipiga kelele kana kwamba Travnik haina masikio. Nyumba ni kimya. Sijui nifanye nini na mikono yangu.

Barua hii naiacha wazi mpaka Sadeta arudi, maana anataka kukuandikia mwenyewe.

Razija

Mama mkubwa Zejna, shikamoo, na shikamoo Baba mkubwa Stipe. Mimi ni mzima. Tumerudi jana. Bahari ni ya chumvi kweli, niliionja. Nilichoma mwenyewe siku zote, na Almasa na Tarik wa darasani walitaka kushika sindano, nikawakatalia, nikawaruhusu kushika kikasha. Siku moja nilitetemeka kidogo nikala vipande vitatu vya sukari, ikaisha, mwalimu hakujua.

Siku ya mwisho mwalimu alisema wote waogelee isipokuwa mimi, nikae kivulini na bibi. Bibi alikuwa amesimama majini mpaka magotini, suruali zimevimba kama maboga, anasema magoti hayajawahi kumpoa hivi. Nikamuuliza kama niingie. Akaniuliza nimekula? Nimekula. Nimechoma? Nimechoma. Akasema basi mimi ndiye ninayejua.

Nikaingia. Mwalimu akapiga filimbi. Akapiga tena. Bibi akamwambia apulize taratibu, ataishiwa pumzi na sisi hatuna dawa ya hiyo.

Nilitoka nilipotaka.

Sadeta